Kiwambo cha Bunduki: Kazi Yake, Namna ya Kukichagua, na Sheria Yake

Katika vijiji vilivyo kandokando ya Ziwa Viktoria, tangu Mbita hata Sindo, na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, watu wamezoea kuishi jirani na kiboko, ambaye Wajaluo humwita rao. Mchana hukaa majini. Usiku hupanda nchi kavu kutafuta majani, na akikuta mahindi au mtama haulizi shamba ni la nani. Akizidi kuleta hasara, au akiua mtu, wenyeji hupeleka habari kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, na askari wa Shirika huja na bunduki. Mlio wa bunduki hiyo usiku husikika mbali sana, kwa maana juu ya maji hapana mti wala kilima cha kuuzuia. Watoto huamka wakilia, ng'ombe huruka boma, na watu wa ng'ambo hujiuliza kuna nini.

Kwa hiyo huulizwa swali hili: Je, bunduki hiyo haiwezi kufungwa kile chombo cha kuzuia sauti ambacho twakiona katika sinema? Na kama yawezekana, kilicho bora ni kipi? Swali ni la haki, na jibu lake si fupi. Linahusu masikio ya askari, usalama wa mwanakijiji, na maisha ya wanyama wa bonde la Lambwe.

JINA LA CHOMBO

Kwa Kiswahili chombo hiki huitwa kiwambo cha sauti. Neno ni letu la zamani. Kuwamba ni kutandaza ngozi juu ya mzinga wa ngoma na kuivuta hata ikaze. Na kilichowambwa ndicho kiwambo. Hata ule utando mwembamba ulio ndani ya sikio, upokeao sauti kama ngozi ya ngoma ipokeavyo mkono, huitwa kiwambo cha sikio. Basi msomaji akumbuke kwamba viwambo ni viwili: kimoja cha bunduki na kimoja cha sikio. Cha kwanza kiliundwa, pamoja na mambo mengine, ili kukihifadhi cha pili.

Wengine hukiita sailensa, kama wasemavyo mafundi wa magari. Jina hilo lina ubaya mmoja: mtu hudhani kwamba chombo hicho hunyamazisha bunduki kabisa. Sivyo. Waingereza wenyewe, ambao jina hilo limetoka kwao, siku hizi wengi wao hupendelea jina lenye maana ya "kipunguza sauti", nalo ndilo lililo karibu na ukweli. Ile bunduki ya sinema, itoayo mlio kama wa mtu azimaye mshumaa kwa pumzi, ni ya sinema tu.

ASILI YAKE

Mwaka 1884, katika mji wa London, Mmarekani mmoja aitwaye Hiram Stevens Maxim alitengeneza bunduki ijilishayo risasi yenyewe, na kuzipiga mfululizo bila mtu kuishindilia. Ndiyo bunduki ambayo wazee wetu waliiita bombom, na ambayo majeshi ya Wazungu yalikuja nayo katika nchi hizi za Afrika Mashariki. Bwana Maxim alipata mali na sifa, hata akapewa cheo na ufalme wa Uingereza. Lakini kwa kusimama miaka mingi karibu na bunduki zake alipoteza uwezo wake wa kusikia, akawa kiziwi.

Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alikuwa fundi wa mitambo huko Marekani. Huyu ndiye aliyetengeneza kiwambo cha kwanza kilichouzwa madukani, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1909. Mwaka huo huo Bwana Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa kuja kuwinda. Kwa njia hiyo hiyo Maxim mdogo alitengeneza pia vyombo vya kupunguza kelele za injini. Na kwa kweli kiwambo cha bunduki na ekzosi ya gari ni ndugu. Hivyo baba aliipa dunia bunduki yenye makelele makubwa, na mwana akaipa chombo cha kuyapunguza.

SAUTI MBILI ZA BUNDUKI

Mtu anayetaka kuchagua kiwambo sharti afahamu kwanza kwamba bunduki ya kuwindia hutoa sauti kubwa mbili, wala si moja.

Sauti ya kwanza ni kishindo cha mdomo wa mtutu. Baruti inapoungua hugeuka moshi wenye joto na nguvu nyingi. Moshi huo huisukuma risasi; na risasi ikisha toka, moshi nao hutoka kwa ghafula na kuipiga hewa ya nje. Pigo hilo ndilo kishindo. Ni kama mtu akipasua puto kwa sindano: hewa yote hutoka mara moja, nayo hulia. Lakini puto hilo hilo likifunguliwa mdomo taratibu, hewa ile ile hutoka kwa mnong'ono tu. Kiwambo hufanya kama mtu wa pili. Ndani ya bomba lake mna vyumba vilivyotengwa kwa visahani vyenye tundu katikati. Risasi hupita katika tundu bila kugusa kitu. Moshi hukamatwa chumba kwa chumba, ukapanuka, ukapoa, ukatoka nje kwa upole zaidi.

Sauti ya pili ni mpasuko wa risasi yenyewe angani. Sauti husafiri katika hewa kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa nukta moja. Risasi za bunduki nyingi za kuwindia huenda mara mbili ya mwendo huo, au zaidi. Kitu kiipitacho sauti mbio hupasua hewa na kuacha mlio mkali kama wa mjeledi, nao hufuatana na risasi njia yote. Kiwambo hakina uwezo juu ya mlio huu, kwa sababu risasi ikisha toka haimo tena mkononi mwake. Dawa yake ni kutumia risasi za mwendo wa polepole. Lakini risasi za namna hiyo hupungukiwa nguvu, na si halali kumpiga mnyama mkubwa kwa risasi isiyoweza kumwua upesi.

HESABU YA KELELE

Wataalamu hupima kelele kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni desibeli 60 hivi. Bunduki ya kuwindia, karibu na sikio la mpigaji, hutoa kati ya 155 na 170. Kwa sauti za ghafula, mpaka wa hatari umewekwa desibeli 140; kuupita mpaka huo, hata kwa mlio mmoja, kwaweza kulidhuru sikio daima. Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo, zipelekazo habari za sauti ubongoni. Zikifa hazioti tena kama majani, wala hakuna dawa ya kuzirudisha. Mtu hubaki na mlio wa nyenje masikioni usiku na mchana, na baadaye hukosa kusikia sauti nyembamba, kama za watoto na ndege.

Kiwambo kizuri hupunguza desibeli kati ya 20 na 30. Mtu asidharau hesabu hiyo. Kila desibeli 10 zikipungua, nguvu ya sauti huwa sehemu moja tu katika kumi. Zikipungua 30, huwa sehemu moja katika elfu. Lakini piga hesabu tena: bunduki ya desibeli 165 ikipunguziwa 25 hubaki na 140, yaani mpaka wenyewe wa hatari. Kwa hiyo mwenye kiwambo bado yampasa kuvaa vizibo vya masikio. Kiwambo peke yake si ngao kamili, na vizibo peke yake si ngao kamili. Viwili pamoja ndivyo vitoshavyo.

NAMNA YA KUKICHAGUA

Katika nchi ambako sheria yaruhusu, kama Finland, Norway, Afrika Kusini na New Zealand, wawindaji wengi hutumia viwambo, na maduka huviuza vya kila namna. Mnunuzi asivutwe na uzuri wa rangi. Haya ndiyo ya kuangaliwa.

Kwanza, kipenyo cha risasi. Kila kiwambo kimeandikwa kipimo cha risasi ambayo kimetengenezewa. Tundu la kiwambo sharti liwe kubwa kuliko risasi. Kiwambo cha risasi kubwa chaweza kutumika kwa risasi ndogo, ingawa sauti haitapungua kwa kiasi kile kile. Lakini kiwambo cha risasi ndogo kikifungwa katika bunduki kubwa, risasi itagonga visahani, na chombo chaweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Pili, nguvu ya bunduki na urefu wa mtutu. Mtutu ukiwa mfupi, moshi hutoka ukiwa bado na nguvu nyingi. Mtengenezaji wa kweli huandika aina za risasi na urefu mdogo kabisa wa mtutu ambao kiwambo chake chaweza kuuvumilia. Asiyeandika hayo asinunuliwe chombo chake.

Tatu, hesi. Kiwambo hufungwa kwa kuzungushwa katika hesi iliyokatwa kwenye mdomo wa mtutu, na hesi zina vipimo vingi: kuna za milimita na kuna za inchi. Zisipolingana, kiwambo ama hakitaingia, ama kitaingia kwa ulegevu, na ulegevu ni hatari kuliko kutoingia. Bunduki isiyo na hesi ipelekwe kwa fundi wa bunduki mwenye kibali. Hesi ikikatwa upande hata kwa unywele, risasi itakwenda pembeni ya tundu. Kazi hii si ya fundi wa baiskeli.

Nne, umbo. Viko viwambo vikaavyo mbele ya mtutu peke yake, na viko ambavyo sehemu yake hurudi nyuma na kuuvika mtutu kama ala ya kisu. Vya kwanza ni rahisi kuvifunga na kuvifungua, lakini huirefusha bunduki. Vya pili huongeza urefu kidogo tu, na uzito wake hukaa karibu na mkono. Kwa mtu apitaye katika matete na mafunjo ya ufuko wa ziwa, au katika vichaka vya bonde, bunduki ndefu hunaswa kila hatua. Hapo umbo la pili lafaa zaidi.

Tano, madini. Alumini ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini huliwa upesi na joto la risasi nyingi zenye nguvu. Chuma cha pua hudumu, ila ni kizito. Titani ni nyepesi na ni imara, lakini bei yake ni kubwa. Mtu apigaye risasi chache kwa mwaka hana haja ya titani. Mwenye kazi ya kila wiki asijidanganye na alumini.

Sita, faida na hasara nyinginezo. Kiwambo hupunguza teke la bunduki begani, na mpigaji asiyeogopa teke hulenga vizuri zaidi. Hupunguza pia mwako wa moto mdomoni mwa mtutu, ambao usiku humpofusha mpigaji kwa kitambo. Lakini huongeza gramu 300 au zaidi mbele ya bunduki, na baada ya risasi kadhaa joto lake huinua mvuke mbele ya darubini, hata shabaha ikaonekana kama icheza. Tena kwa bunduki za wanyama wakubwa, kama zile za .375 na .458, kiwambo sharti kiwe kikubwa na kizito, na tundu lake pana hupitisha moshi mwingi.

Baada ya kukinunua, kazi haijaisha. Kiwambo kikifungwa, mtutu hutikisika kwa namna nyingine, na risasi hupiga mahali pengine. Kwa hiyo ni lazima bunduki ilengwe upya kwenye shabaha ya karatasi kabla ya kuipeleka kazini. Mtu akifunga kiwambo leo na kesho akampiga kiboko bila kujaribu, atamjeruhi badala ya kumwua. Na kiboko aliyejeruhiwa ni msiba kwa kijiji kizima.

UTUNZAJI

Baruti inapoungua hutoa mvuke wa maji pamoja na masizi, na vyote viwili hubaki ndani ya kiwambo. Katika hewa ya unyevu kama ya Mbita, kutu huanza upesi. Kazi ikisha, bunduki ikaguliwe kuwa haina risasi. Kiwambo kikisha poa kifunguliwe, kisimamishwe wima kikauke, na mtutu upanguswe na kutiwa mafuta. Bunduki isiwekwe katika ala yake kiwambo kikiwa bado kimefungwa, kwa maana unyevu utaingia mtutuni. Na kabla ya kila kazi, mtu ahakikishe kwamba kiwambo kimekazwa barabara, na kwamba hamna matope wala wadudu ndani ya tundu.

WAKATI WA KUTOKITUMIA

Sasa turudi kwa kiboko wetu. Mara nyingi askari aitwapo shambani hakusudii kuua. Hupiga hewani ili mnyama ashtuke arudi majini. Hapo kishindo ndicho dawa yenyewe, na bunduki yenye kiwambo ingekuwa kama ngoma isiyolia. Tena kishindo humwonya mwanakijiji: akisikia mlio hujua kwamba kazi inafanyika, akabaki nyumbani na watoto wake. Bunduki ikipunguzwa sauti, mtu aweza kutoka na taa yake kwenda ziwani kutazama nyavu, akakutana na mnyama akimbiaye.

Lakini ikiwa imekatwa shauri kwamba kiboko fulani auawe, na wengine wako karibu naye, kiwambo chaweza kusaidia. Mpigaji huweza kusikia amri za mwenzake, hapofushwi na mwako, na akihitaji kupiga mara ya pili hupiga akiwa ametulia. Kwa hiyo jibu la swali letu la kwanza ni hili: yawezekana, lakini kiwambo huchaguliwa kwa kazi, wala si kwa kupendeza. Askari mwenye busara hujiuliza kwanza, "Usiku huu nataka kusikika, au sitaki?"

UPANDE WA PILI WA CHOMBO

Liko jambo zito zaidi. Maili chache kutoka Mbita liko bonde la Lambwe, ambalo lilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma. Mbuga hiyo ina kilomita za mraba 120, na ndimo alimobaki korongo, yule paa mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, ambaye porini katika Kenya yote haonekani mahali pengine. Mwaka 2012 waliletwa humo vifaru weusi kutoka Mugie katika Laikipia, kwa sababu huko majangili walikuwa wamewazidi nguvu walinzi.

Askari wa mbuga hawezi kuona bonde zima usiku, lakini aweza kulisikia. Mlio wa bunduki ndio kengele yake: humwambia kwamba kuna uovu, na humwonyesha upande wa kukimbilia. Majangili wanalifahamu hilo. Katika Afrika Kusini majangili wa vifaru wamekamatwa mara nyingi wakiwa na bunduki zenye viwambo. Kiwambo hakinyamazishi bunduki yote, kama tulivyokwisha sema, lakini huupunguza umbali wa kusikika. Na mpasuko wa risasi hulichanganya sikio, mtu asijue sauti imetoka wapi. Hivyo chombo kile kile kilindacho sikio la askari mwema kinaweza kuliziba sikio la mbuga nzima. Ndiyo sababu Serikali haikiachi kiuzwe kama jembe.

SHERIA

Katika Kenya uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977. Zamani zile mtu alikwenda kwa Bwana Nyama akalipia leseni. Leo leseni hiyo haipo, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeendeleza katazo hilo. Kumzuia mnyama mharibifu ni kazi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori.

Na kuhusu kiwambo chenyewe, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyotungwa mwaka 1953, husema wazi kwamba neno "silaha" ni pamoja na kifaa chochote kilichoundwa ili kupunguza kishindo au mwako wa bunduki. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtu akikutwa na kiwambo kitupu mfukoni, bila bunduki wala risasi, mbele ya sheria amekutwa na silaha. Asiseme, "Hiki ni kipande cha bomba tu." Mwenye bunduki halali naye asidhani kwamba cheti cha bunduki yake chatosha; aulize kwanza Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, kabla ya kununua wala kuagiza.

Vijana wetu waendao kufanya kazi na wawindaji katika nchi nyingine, kwa mfano Tanzania, ambako uwindaji wa leseni bado upo, wakumbuke kwamba kila nchi ina sheria yake. Kilicho halali Namibia huenda ni jela Nairobi. Mtu akipewa kifaa cha namna hii na tajiri wake amchukulie kuvuka mpaka, na akatae.

Na mtu yeyote wa Mbita, Rusinga au Lambwe akiona bomba la chuma la namna tuliyoieleza, lenye hesi upande mmoja na tundu katikati, asilichezee wala asiwape watoto. Apeleke habari kwa chifu, kwa polisi au kwa askari wa Ruma. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio yetu bado ni mazima; na tuyatumie.